Mtoto wa Nne

“Wewe chukua huyu wa nne, hana maneno mengi.” Ndivyo alivyoniambia yule mama aliyekuwa akigawa kadi Jumapili iliyopita, na kauli hiyo imekataa kunitoka kichwani, ingawa wiki hii Baba Naomi amehamishwa idara na gari letu limegongwa likiwa limeegeshwa nje ya nyumba.

Mnajua kwamba mimi ndiye ninayempeleka Naomi sinagogi kwa masomo ya familia, kwa kuwa baba yake huwa zamu mwisho wa juma. Mimi ni Mlutheri wa Lushoto na sina nia ya kubadilika. Hata hivyo, tangu mwaka 1983 marabi wa madhehebu ya Reform hapa Marekani humhesabu mtoto wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi kuwa wao, mradi alelewe waziwazi katika dini hiyo. Kwa hiyo masomo hayo si ya kupitishia muda. Ndiyo yanayomshikia mwanangu nafasi yake, nami sijayakosa hata nikiwa nimetoka zamu ya usiku.

Jumapili hiyo tulikuwa tukifanya mazoezi ya Seder, chakula cha usiku wa kwanza wa Pasaka yao. Haggadah, kitabu kinachosomwa mezani usiku huo, inataja watoto wanne: mwenye hekima, mwovu, asiye na makuu, na yule asiyejua kuuliza. Mwalimu aliamua kwamba safari hii wazazi ndio wawe watoto na watoto wawe wazazi wa kuwajibu. Kadi zilipita zimefunikwa, kila mtu akachota yake. Yangu tu ndiyo iliyofunuliwa kwanza, ikatazamwa, kisha nikakabidhiwa kwa tabasamu pamoja na maneno yale.

Nikasema, “Asante.”

Mama mkwe ananiambia kwamba yule mama hakukusudia ubaya, alitaka kunipunguzia kazi. Huenda ni kweli. Lakini nani alimwambia kwamba kazi hiyo ingenilemea? Kila asubuhi nasimama mbele ya madaktari kueleza hali za wagonjwa wa wodi nzima, kwa Kiingereza hiki hiki chenye lafudhi ya Usambara, na hakuna aliyewahi kufa kwa sababu sikueleweka. Nimelirudia tabasamu lile nikiosha vyombo na nikisubiri basi, na kila ninapolirudia huwa na jibu jipya ambalo singelitoa kamwe mbele za watu.

Jana usiku, hata hivyo, nilijikuta nikicheka peke yangu kwa jambo lililofuata. Watoto watatu wa kwanza huuliza, nao hujibiwa. Huyu wa nne haulizi, kwa hiyo Haggadah inamtaka mzazi aanze mwenyewe. Watoto wa meza yetu walisoma majibu yao kwenye karatasi, sentensi moja moja, wakaketi. Naomi hakuwa na swali la kusubiri. Alichovya jani la kotimiri katika maji ya chumvi, akanitia mdomoni, na katika jengo ambamo hajawahi kutamka neno la Kiswahili akaanza:

“Mama, sikiliza, wacha simu. Haya ni machozi. Tulikuwa watumwa wa Farao kule Misri, mimi na wewe na Baba na bibi wa Lushoto.”

Kisha akavuta bakuli la charoset, rojo tamu ya matunda ya usiku huo, niliyoitengeneza kwa tende kama wafanyavyo Wayahudi waliotoka Iraq, wakati wenzetu walileta ya matofaa. “Huu ni udongo wa matofali, lakini ni mtamu, usiniulize kwa nini.” Nilitaka sana kumwuliza, nikakumbuka kwamba siruhusiwi. Aliendelea mpaka Bahari ya Shamu, na mwalimu, ambaye hakuelewa hata neno moja, hakumkatiza.

Yule mama alikuwa meza ya pili, sijui kama alitazama. Jumapili ijayo tumepangiwa naye kuwafichia watoto afikoman, ile nusu ya mkate usiotiwa chachu wanayoitafuta baada ya chakula, na bado sijaamua kama nitamwambia lolote.

Kaka anasema masika yameanza kwa nguvu huko nyumbani. Mama ana kliniki ya macho Tanga mjini Jumatano, simu yake haipokelewi tangu jana, na sijui kama barabara ya kushuka Mombo inapitika.