Siku ya kwanza ni ya kujifunza kusimama

Kampala, Januari

Kiangazi kimeshika, vumbi limetanda mpaka kwenye majani ya migomba, na huku sisi tukitafuta kivuli, ndugu zetu walio Massachusetts, Marekani, wanafagia theluji milangoni. Mji wa Waltham, jirani na Boston, una Waganda wengi. Anayekwenda kumtembelea shangazi au dada huko kati ya Desemba na Machi hurudi na picha za theluji ya uani, lakini ni wachache wanaopanda treni kwenda kuteleza juu yake kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni. Nimekuwa nikiliwazia jambo hili. Nadhani mchezo huu tumeuona kwenye televisheni tu, watu wakishuka genge kwa kasi ya gari, tukaamua kwamba ni wa waliozaliwa nao. Lakini mtu mzima mwenye magoti mazima anaweza kutoka asubuhi, akajifunza kushuka mteremko mfupi polepole, kupinda pande zote mbili na kusimama pale anapotaka, kisha akarudi kula chakula cha jioni nyumbani. Hapo kwenye kusimama ndipo penye kazi ya siku ya kwanza. Nguo, viatu, tiketi, hata saa ya kuondoka, vyote napenda kuvipima kwa swali hilo moja: vinamsaidia mtu kujifunza kusimama, au vinamwibia muda?

Theluji si ngeni kabisa kwetu. Kilele cha Margherita kule Rwenzori kina mita 5,109 na barafu yake ipo bado, ingawa inapungua mwaka hadi mwaka. Ila kuifikia ni safari ya siku nyingi za matope na kamba, na ukifika si mahali pa kuteleza. Brolin Mawejje, mzaliwa wa Uganda aliyefika mashindano ya kimataifa ya ubao wa theluji, alijifunzia Marekani.

Mlima unaomfaa mgeni wa Waltham ni Wachusett, magharibi ya Boston. Kilele chake kina mita 611 tu, takriban nusu ya mwinuko wa Kampala, kwa hiyo hakuna kukosa pumzi. Baridi yake inatokana na kuwa mbali na ikweta, na hali ya hewa ikikataa kuleta theluji, mashine huipuliza usiku. Treni ya abiria ya njia ya Fitchburg huondoka Boston katika stesheni ya North Station, hupita Waltham kwenyewe na kuishia stesheni ya Wachusett, ambako wikendi za msimu basi dogo huwachukua watelezaji hadi mlimani. Tiketi ya wikendi ni dola 10, na unasafiri nayo Jumamosi na Jumapili upendavyo. Yapo mambo mawili yanayoharibu safari hii. Kwanza, si kila treni ya njia hiyo hufika mwisho. Nyingine huenda zikaishia njiani, na huko hulikuti basi la mlimani. Pili, basi hupokea treni maalumu, si zote. Linganisha ratiba mbili, ya treni na ya basi, usiku wa kuamkia safari, na uiandike kando saa ya basi la mwisho la kurudi.

Kuhusu fedha, neno la kutafuta kwenye ukurasa wa mlima ni kifurushi cha wanaoanza: somo la kundi, vifaa vya kukodi, na tiketi ya lifti za chini pekee, yaani mitambo inayowapandisha watu mteremkoni. Anayenunua tiketi ya mlima mzima siku ya kwanza analipia njia ambazo hatazigusa. Nunua mtandaoni siku kadhaa kabla, kwa kuwa bei ya dirishani huwa juu na vifurushi huisha. Uliza kama helmeti imo, maana mara nyingi hulipiwa peke yake, na bila helmeti usiende. Angalia pia bima yako ya safari. Nyingi hazigusi michezo ya theluji mpaka uongeze kipengele chake, na mguu uliovunjika Marekani ni deni la miaka.

Nguo nitazikalia kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wa joto tunapokosea zaidi. Tunaogopa baridi, tunavaa sweta tatu za pamba na jinzi, kisha tunaanza kazi: kupanda kwa miguu, kuanguka, kuinuka. Mwili unatoa jasho, pamba inalinywa jasho na theluji pamoja, na ukisimama dakika tano kwenye foleni ya lifti unaanza kutetemeka. Jinzi iliyolowa haikauki mchana kutwa. Kinachotakiwa ni tabaka tatu nyepesi. Ya ndani iwe ya poliesta au sufu laini. Jezi ya zamani ya mpira inafaa kabisa, hata ile ya Cranes, timu yetu ya taifa. Ya kati iwe fulana ya manyoya ya poliesta, ile nyepesi inayoshika joto. Ya nje iwe jaketi na suruali visivyopitisha maji. Vyote vitatu unavipata kwenye mitumba ya soko la Owino hapa Kampala kabla hujasafiri, na hapo una nafasi ya kuchagua kwa utulivu. Lijaribu jaketi kwa matone ya maji kwenye bega: yakibiringika na kudondoka, ganda bado zima; yakinywewa, liache. Geuza ndani utazame mishono, kwa sababu iliyozibwa kwa utepe hudumu zaidi. Jaketi nene za waendesha boda huzuia upepo, lakini nyingi hazikutengenezwa kwa maji.

Glavu za kufuma kwa uzi ni hasara tupu. Utaishika theluji kila ukianguka, na vidole vikifa ganzi hutaweza kufunga viatu. Chukua za ngozi au nailoni zenye bitana ndani na zinazofunika kifundo cha mkono. Miwani ya theluji ni ya lazima, kwani theluji hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua juu kuelekea usoni, na jua la mchana bila mawingu huchoma hata ngozi nyeusi. Paka mafuta ya kukinga jua chini ya kidevu na puani pia, na Vaseline midomoni. Kina dada, suka misuko ya kulala kichwani, ile tunayoiita biswahili. Fundo kubwa la nywele kisogoni halikai chini ya helmeti, na helmeti iliyosukumwa mbele haikingi kitu.

Sasa viatu, na hapa sitaki mtu aharakishe. Kiatu cha skii ni kigumu, ni kizito, na namba yake ni urefu wa wayo kwa sentimita: weka kisigino ukutani, pima hadi kidole kirefu kuliko vyote, ukipata 26.5 basi ndiyo namba. Vaa jozi moja tu ya soksi ndefu, nyembamba, iliyopita shavu la mguu. Soksi mbili hukunjana, mkunjo hubana damu, mguu hupoa, na mfupa wa mbele huuma mpaka unakata tamaa saa nne asubuhi. Ndani ya kiatu isiingie suruali, isiingie taiti. Ni mguu na soksi tu. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma na kisigino kibaki kimekaa chini. Kisigino kikiinuka, kiatu ni kikubwa hata kama unajisikia vizuri, na skii haitakutii. Rudi dukani ubadilishiwe, hawakatazi. Funga vibano vya juu kwa nguvu, vya vidoleni kwa ulegevu.

Katika fomu ya kukodi utaulizwa uzito, urefu, umri na kiwango. Uzito wanautaka kwa pauni: zidisha kilo zako kwa 2.2, kwa hiyo kilo 70 ni pauni 154. Sema kweli. Kwa namba hizo fundi hukaza vibano vinavyoshika kiatu kwenye skii, na kazi ya vibano hivyo ni kufunguka unapoanguka vibaya. Anayejipunguzia kilo hufunguliwa ovyo katikati ya mteremko. Anayejiongezea hubaki amefungwa wakati goti linajipinda. Kwenye kiwango andika anayeanza. Skii zenyewe zifike kidevuni, si zaidi, kwa kuwa fupi hugeuka kirahisi.

Ukifika kwenye theluji, kwangua kwanza nyayo za viatu. Donge dogo la theluji chini ya wayo linatosha kukizuia kibano kisishike, na wengi hudhani kifaa kibovu. Ingiza ncha ya mbele, kisha kanyaga kisigino kwa uzito wote mpaka kilie. Kama uko kwenye mteremko, laza skii kukata mteremko, uanze na mguu wa chini. Fimbo za skii, zile za kushika mkononi, ziache ukutani saa ya kwanza. Zinamshughulisha mtu mikono wakati kazi iko miguuni.

Mwalimu ataanza na skii moja mguuni, mkitembea tambarare. Usione ni mchezo wa watoto, kwani hapo ndipo wayo unajifunza kuteleza bila kuvuka nusu mita. Kisha kupanda ubavu, hatua fupi fupi, makali ya skii yakiuma theluji. Kisha kabari: ncha za mbele zikaribiane bila kupandana, visigino visukumwe nje, magoti yamekunjwa, mifupa ya mbele ya miguu ikiegemea ulimi wa kiatu. Kadiri unavyopanua kabari ndivyo makali ya ndani yanavyokwangua theluji, na mwendo unapungua hadi unasimama. Rudia hilo kwenye mteremko mfupi mpaka uweze kusimama mahali ulipopakusudia, penye kofia au alama fulani. Si karibu napo, papo hapo.

Hofu hutuvuta nyuma. Mtu anaona mteremko, anakaa kama anayetafuta kiti, uzito unahamia visiginoni, ncha za mbele zinapoteza mguso na theluji, na skii zinakimbia bila dereva. Dawa yake haipendezi mwanzoni: egemea mbele, kuelekea bondeni, mikono ionekane machoni pako. Tazama unakokwenda, usitazame skii.

Kupinda ni uzito tu. Ndani ya kabari, kandamiza mguu wa kushoto, utakwenda kulia. Kandamiza wa kulia, utakwenda kushoto. Sisi tuliozoea kukaa nyuma ya boda tuna tabia ya kulala upande wa kona pamoja na dereva, na kwenye skii tabia hiyo inaangusha, kwa sababu uzito unaangukia mguu wa ndani na wa nje unakosa kazi. Bega libaki juu ya skii ya nje.

Kuanguka utaanguka. Keti ubavuni, upande wa mlimani, mikono isitangulie. Ukiwa bado unateleza chini usijaribu kuinuka, maana goti huumia hivyo mara nyingi. Ngoja mwili utulie kabisa. Kisha zielekeze skii zikate mteremko, ziwe chini yako, ndipo usukume. Ukianza kutumia fimbo, usiingize mkono kwenye kamba zake siku ya kwanza. Kidole gumba huteguka hapo.

Mkanda unaotembea ndio lifti yako ya asubuhi. Lifti ya viti ije baada ya kusimama na kupinda kukubali. Mwambie mhudumu kwamba ni mara yako ya kwanza, atapunguza mwendo. Vua mkoba mgongoni, shika fimbo zote mkono mmoja, tazama kiti kinavyokuja nyuma yako, keti kinapogusa mashavu ya miguu. Juu, inua ncha za skii, simama kwenye alama, uache mteremko ukupeleke. Ukianguka pale, jiburute pembeni haraka kwa kuwa wengine wanafuata. Njia zako ni zile zenye alama ya duara la kijani. Mraba wa buluu ni wa siku nyingine, na almasi nyeusi usiisogelee hata kwa picha. Aliye chini yako ndiye mwenye haki ya njia, na ukipumzika, pumzikia ukingoni mahali unapoonekana kutoka juu.

Kuna tatizo la Massachusetts ambalo matangazo hayalisemi: mvua huingia katikati ya msimu, kisha usiku hugandisha kila kitu, na asubuhi mteremko unakuwa kama umemwagwa sementi. Kabari haiumi vizuri hapo. Ikiwa juzi ilinyesha na jana iliganda, ahirisha. Wiki ya likizo ya shule katikati ya Februari pia iepuke, kwa sababu ya msongamano wa wanaoanza wote mahali pamoja. Siku nzuri ni ya baridi kavu, na muda mzuri ni kati ya saa nne na saa nane, kabla theluji haijakwanguliwa yote. Desemba jua huzama mapema mno kwetu tuliozoea ikweta, saa kumi na robo hivi, na theluji iliyolainika mchana huanza kukaza upya.

Kula saa tano na nusu, kabla ukumbi haujajaa. Rolex mbili, chapati zetu zilizoviringishiwa mayai, zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha na chupa ya maji zinatosha. Baridi inakausha mwili bila kukuonyesha kiu. Mapaja yakianza kutetemeka mchana, acha. Mzunguko mmoja wa mwisho wa miguu iliyochoka ndio unaovunja watu. Rudisha vifaa saa nzima kabla ya basi la mwisho, kwa kuwa foleni ya kurudisha jioni ni ndefu kuliko ya kukodi asubuhi, na weka soksi kavu ndani ya mkoba kwa ajili ya treni.

Ukipata siku ya pili msimu huohuo, usiende moja kwa moja kwenye lifti ya viti. Anza tena na mkanda, mizunguko miwili ya kabari na kusimama, halafu panda.