Asubuhi ya Sekunde Kumi na Sita

Tulikuwa wanne kutoka Nairobi, tukielekea Queensland, Australia, na kila mmoja alibeba matufe yake manne mkononi ndani ya ndege. Tufe la bouli ya nyasi, mchezo wa kubingirisha matufe kiwanjani, huweza kufikia kilo 1.59, kwa hiyo seti moja hukaribia kilo sita na nusu. Hakuna aliyelalamika. Begi la chini likipotea, matufe hayaazimiki hivi hivi: ukubwa lazima uenee kiganjani, na kila aina ina mpindo wake, yaani namna linavyopinda likibingirika. Wengi hudhani mpindo unatokana na madini ya risasi yaliyofichwa ndani. Zamani upande mmoja uliongezwa uzito kweli, lakini siku hizi ni umbo tu, na kadiri tufe linavyoishiwa mwendo ndivyo linavyozidi kuinamia upande wake.

Asubuhi ya mazoezi kocha alitandika mkeka wa kusimamia mchezaji, akaweka jeki, kile kitufe kidogo tunachokilenga, umbali wa mita 27, akabonyeza saa. Tufe lake lilisimama karibu na jeki baada ya sekunde 16. Kiwanja chetu cha nyumbani wakati wa masika kilikuwa kinatoa 11. Mgeni wa mchezo huu huelewa kinyume: sekunde zikiwa nyingi, kiwanja ndicho chenye kasi, maana nyasi hazilizuii tufe, nalo hutambaa umbali uleule likiwa limeachiwa taratibu. Kutoka 11 hadi 16, kasi ya kuanzia hupungua karibu theluthi nzima. Nyasi zile zilikuwa za jamii ya ukoka, zimekatwa zikabaki milimita chache tu, kisha zikashindiliwa kwa rola. Uingereza hupandwa nyasi laini za nchi ya baridi, zinazokaa na unyevu, na huko tufe husukumwa kwa nguvu.

Matufe yetu ya kwanza yote yaliishia mtaroni, kwenye mfereji wa ukingoni mwa kiwanja.

Tukafanya kosa ambalo karibu kila mchezaji hulifanya: kupunguza nguvu kwa kuusimamisha mkono katikati ya safari. Mkono ukisita, tufe hutoka likiyumba, na tufe linaloyumba halishiki mstari.

"Usiukatize mkono, kaka," kocha aliniambia. "Punguza unakoanzia."

Maana yake mkono urudi nyuma hadi usawa wa paja tu, hatua iwe fupi, goti lishuke, kidole cha kati kikae katikati ya mgongo wa tufe, nalo liwekwe ardhini bila kudundishwa. Mguu mmoja lazima uwe juu ya mkeka tufe linapoachiwa, hata kama ni sehemu yake tu. Tulirudia hivyo zaidi ya saa nzima, bila hata kuiangalia jeki.

Umbali ulipotulia, mstari ukatushinda. Tufe linalotembea polepole hupata muda mrefu wa kupinda. Rinki, yaani njia ya mchezo mmoja, ina upana wa mita 4.3 hadi 5.8, na mimi nililazimika kulenga nje ya mpaka wake, kwa jirani, nikiacha tufe lirudi lenyewe. Sheria inaruhusu, mradi lisimame ndani. Saa nne upepo wa kutoka kulia ukaanza, na hapo kila upande ukadai kipimo chake: tufe lililopitishwa kulia lilizidi kupinda, la kushoto likakataa kurudi.

Ndiyo maana namheshimu sana Alex Marshall wa Scotland. Alipata dhahabu za Michezo ya Jumuiya ya Madola Manchester 2002, Melbourne 2006, mbili Glasgow 2014, na nyingine Gold Coast 2018. Hizo ni nyasi za baridi na nyasi za joto, na mkono ni uleule. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha mchezaji wa kimataifa.

Alasiri tulicheza na wenyeji. Katika raundi ya mwisho tufe langu liligusa jeki, likaisukuma mtaroni, nalo likaifuata. Kwa kuwa liliigusa kwanza, lilihesabika hai, yaani bado limo mchezoni, tofauti na tufe linaloangukia humo bila kuigusa jeki. La mpinzani lilikuwa juu, ukingoni kabisa. Kwa macho hatukuweza kuamua lipi liko karibu zaidi, tukaomba kamba ya kupimia.