Kumbukumbu ya mradi wangu: kengele ya Subira, Juni hadi Desemba

Nimekaa miezi mitano bila kuandika chochote kuhusu makazi yetu ya wanyama, yaliyo kaskazini mwa jiji la Dodoma, ukishaipita Msalato kwa njia iendayo Kondoa, na sababu kubwa ni aibu. Mwezi Septemba tulimpoteza Mzee, punda aliyekuwa akifuatwa na mwenzake kipofu aitwaye Subira, kwa uzembe wangu mwenyewe, na kila nilipolifungua daftari nikitaka kulieleza jambo hilo, nilijikuta nikiandika bei ya maji. Leo mvua imenyesha tangu alfajiri, kazi za nje zimesimama, na nimeona niandike yote kuanzia Juni.

Kwa sasa tuna punda 4, mbwa 11, paka 6 na mbuzi 3, mmoja wao chongo. Karibu wote ni wanyama ambao mwenye mali hakuona tena faida ya kuwalisha: aliyevunjika, aliyepofuka, aliyezaliwa na mguu uliopinda, na yule aliyefungwa kamba mpaka kamba ikazama shingoni. Punda ndio wanaoongezeka zaidi. Tangu Serikali ilipohamia hapa na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mizigo mingi iliyokuwa ikivutwa na mikokoteni ya punda imehamia kwenye guta na bodaboda, na punda mzee asiye na kazi huachiliwa barabarani ajitafutie. Zamani angeuzwa machinjioni kwa ajili ya ngozi, ambayo huchemshwa ikatolewa gundi ya kutengenezea dawa ya kienyeji ya Kichina. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuuzuia barani kote. Nilifurahi, kwa sababu punda hubeba mimba takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, kwa hiyo hawezi kuvunwa kama kuku. Lakini marufuku haimlishi punda. Yule ambaye hakuchinjwa sasa yuko langoni kwangu, na anahitaji maji.

Maji nayaeleza kwa ufupi, kwani hakuna mtu wa Dodoma asiyeijua habari hiyo. Katika joto la Oktoba punda mmoja alikuwa akinywa hadi lita 20 kwa siku, na ukijumlisha mbwa, usafi wa mabanda na kufua matandiko, tulitumia kama lita 250 kila siku. Simtanki letu la lita 5,000 lilikuwa likimaliza siku 20 likiwa na bahati. Boza lilichelewa mara mbili, na mara zote mbili tulibeba madumu kwa mkokoteni, tukiuvuta wenyewe huku punda wakitutazama.

Mwezi Julai ulikuwa wa kigari cha Kombo. Kombo ni mbwa aliyegongwa na pikipiki akaumia uti wa mgongo, na miguu yake ya nyuma haina hisia kabisa. Fundi baiskeli mmoja wa karibu na mnada alikubali kututengenezea kigari kwa mabomba ya plastiki, magurudumu ya baiskeli ya mtoto na mikanda ya begi la shule. Cha kwanza kilipendeza machoni, lakini baada ya siku tatu Kombo alikuwa na michubuko kwenye mapaja na alikataa kutembea. Kosa lilikuwa mahali pa ekseli: tuliiweka nyuma mno, kwa hiyo uzito wote ukaegemea mabegani. Fundi alipoisogeza mbele mpaka ikakaa karibu chini ya nyonga, mbwa yule yule aliondoka mbio kiasi kwamba fundi aliangusha spana yake.

Wageni wengi hupenda kukiona kigari, lakini kazi yenyewe ya kumtunza Kombo haiko kwenye magurudumu. Kila siku mara tatu ni lazima akamuliwe mkojo, kwa sababu kibofu chake hakijui tena kujifungua. Unamsimamisha katikati ya magoti yako, unaweka viganja pande zote mbili za tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, unakitafuta kibofu, ambacho ukikigusa ni kama chungwa lililoiva, kisha unakibana polepole ukielekeza nyuma mpaka mkojo utoke. Rangi na harufu yake ndiyo taarifa ya asubuhi. Mkojo ukibaki ndani huoza, maambukizi yakapanda hadi kwenye figo, na mbwa akafa ilhali kigari chake bado kipya. Asiyekuwa tayari kuamka kwa kazi hiyo asichukue mbwa aliyepooza kwa huruma ya dakika moja.

Agosti nilikataa msaada, na nikasemwa vibaya kwa hilo. Mfanyabiashara mmoja alituletea magunia sita ya mahindi yaliyolowa ghalani yakaota ukungu wa kijani, akasema kwa nia njema kabisa kwamba hayafai kwa watu ila kwa mbwa yatafaa. Nilimshukuru, kisha nikamweleza kwamba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa, kwamba mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi kwa sumu hiyo, ambayo hushambulia ini, na kwamba sisi wa mikoa hii ya kati tulipaswa kuwa wa mwisho kuisahau, maana mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi ya namna hiyo. Aliondoka amenuna. Baadaye nikasikia kwamba wanyama wangu wanakula vizuri kuliko watu. Sikujibu, kwa kuwa kwa siku ile ilikuwa kweli kidogo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Subira ni punda jike aliyeletwa kwetu miaka miwili iliyopita akiwa kipofu wa macho yote mawili. Jicho moja lilitobolewa na mwiba na la pili lilikuwa limefunikwa na utando mweupe. Wiki ya kwanza alisimama mahali pamoja tu. Tulichojifunza kwake, na ambacho kimebadilisha namna tunavyowatunza wote, ni kwamba mnyama mwenye ulemavu anahitaji uwanja usiobadilika kabla ya kuhitaji dawa. Hori likae pale pale, birika la maji pale pale, lango lifunguke upande ule ule. Siku moja nilisogeza birika hatua sita tu ili lipate kivuli cha mwarobaini, na Subira alikwenda pale lilipokuwa zamani, akainamisha kichwa, akalamba vumbi. Nililirudisha jioni ile ile.

Mwenzake alikuwa Mzee, punda dume aliyehasiwa, aliyewahi kuvunjika mguu wa mbele ukaunga vibaya, hivyo alichechemea. Tulimvika Mzee kengele ya ng'ombe tuliyoinunua mnadani, na Subira akawa anamfuata kila aendako: kwenye mabua, kwenye maji, kwenye vumbi la kugaagaa. Niliwaambia wageni wengi kwamba kengele ndiyo macho ya Subira. Niliisema habari hiyo mara nyingi mno, kama mtu aliyevumbua kitu.

Tarehe 11 Septemba asubuhi Mzee hakuja kwenye hori. Hakugaagaa wala hakujipiga tumbo kama anavyofanya farasi mwenye maumivu. Alisimama tu, kichwa chini, masikio yameangukia pembeni. Punda huficha maumivu, na punda aliyeacha kula akanyong'onyea namna ile si wa kungojwa mpaka kesho. Nililijua hilo. Lakini joto lake lilikuwa 37.4, ambalo kwa punda mzima si homa, na nikajiambia amechoka kwa upepo. Daktari wa mifugo nilimpigia saa tisa alasiri badala ya saa mbili asubuhi. Alifika magharibi, akasikiliza tumbo pande zote mbili na asisikie mnguruma wowote, akampitishia mpira wa puani, akampa mafuta na dawa ya maumivu. Saa nne usiku Mzee alilala na hakuamka.

Punda aliyefiwa na mwenzake asipouona au kuunusa mwili wake huweza kuzunguka akimtafuta kwa siku nyingi, na kutafuta huko humfanya asile. Hilo ndilo la hatari hasa, kwa sababu punda asipokula mwili wake humwaga mafuta kwenye damu kwa wingi kupita kiasi, na ini na figo hushindwa. Kwa hiyo tuliamua kuuacha mwili pale pale mpaka asubuhi. Hapa kwetu uamuzi huo una gharama yake, maana fisi hawako mbali. Nilikaa pale na tochi, panga na blanketi. Babu jirani alikuja kuuliza kulikoni, na nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nimefuga tangu utoto. Sijawahi kuona punda akikeshewa matanga." Akaondoka. Baada ya nusu saa alirudi na mzigo wa kuni na kigoda chake, akawasha moto, akakaa nami mpaka kulipokucha bila kulizungumzia tena jambo hilo.

Subira alikuja kama saa saba usiku. Alinusa pua ya Mzee, kisha shingo, kisha akaugusa ule mguu uliounga vibaya kwa mdomo, na hapo alikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Alfajiri aliondoka mwenyewe.

Daktari alimpasua asubuhi. Ndani ya utumbo mpana alikuta fundo la kamba za manila lenye ukubwa wa ngumi yangu, limefunga njia yote. Zilikuwa kamba za mabua yetu. Mabua ya mtama huletwa yamefungwa vichala kwa manila, na tulikuwa na mazoea ya kukata kamba na kuiacha idondoke pale pale kwenye hori, tukidhani tutaikusanya. Sikuweza kumlaumu aliyeyaleta mabua wala kijana wa zizi, kwani mimi ndiye niliyemfundisha kufanya hivyo. Tangu siku hiyo mabua yanafunguliwa nje ya uwanja, kamba zinahesabiwa, na idadi ya kamba ni lazima ilingane na idadi ya vichala kabla hori halijajazwa. Zoezi hilo linachukua dakika kumi.

Subira hakula kwa siku moja na nusu. Tulimpa maji yenye molasi kidogo, tukamletea maganda ya ndizi kutoka sokoni, na hatimaye alichukua ganda moja, akalitafuna kwa muda mrefu, akachukua la pili.

Kisha nikafanya lile nililolidhani ni la busara, nikamvika kengele ya Mzee punda mwingine, dume kijana na mpole. Haikusaidia kitu. Kengele ilipita upande wa kulia, Subira akabaki ameelekeza masikio kushoto. Binti wa dada yangu, ambaye hunisaidia wakati wa likizo, ndiye aliyegundua. Aliniambia, "Mama mdogo, hakuwa akiifuata kengele. Alikuwa akiufuata ule mguu." Tulijaribu: yeye akatembea kwenye changarawe akichechemea, hatua moja nzito na moja ya kuburuta, na Subira akainua kichwa, akamfuata hatua tano, akamfikia, akamnusa, akasimama. Hatukulirudia jaribio hilo. Tuliona ni kumdanganya.

Kengele tuliitundika kwenye nguzo juu ya birika la maji. Upepo wa Dodoma wa miezi ile, ambao kila mtu huulalamikia kwa vumbi lake, uliipiga usiku na mchana, na kufikia katikati ya Oktoba Subira alikuwa akienda kunywa peke yake bila kumfuata mtu wala punda. Nilimhesabia safari tatu kwa siku, wakati mwingine nne.

Mvua zilipoanza upepo ukatulia na kengele ikanyamaza. Jumanne nilichelewa mjini, na niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya uwanja, maji yako hatua thelathini mbele yake, anasikiliza. Niliivuta kamba ya kengele kwa mkono akaja. Lakini siwezi kuwa upepo, kwa hiyo jana nimefungua koki ya birika kidogo sana, nikaweka debe lililopinduliwa chini yake ili tone lilie kwenye bati kabla ya kutiririkia majini. Leo alfajiri, kabla mvua haijakolea, alikwenda mwenyewe mara moja. Mchana hakwenda, maana mvua ilikuwa ikipiga mabati ya banda na hakuna aliyeweza kulisikia tone. Kesho nitajaribu kulihamishia debe upande wa ukuta.