Jedwali la teuzi na mazungumzo ya amani, China 1949: maendeleo ya awamu ya pili

Jedwali hili la walioshika vyeo katika serikali ya Kuomintang (chama tawala), ilipokuwa ikishindwa vita na Wakomunisti, sasa lina safu sita: tarehe ya kutangazwa, tarehe ya kushika ofisi, cheo, jina, aliyemteua, na safu mpya, "ameshika nini hasa": jeshi, hazina, au barua ya uteuzi tu.

Hiyo ya sita ndiyo iliyofumua kazi yote. Kwa vyeo vitupu, Chiang Kai-shek aling'atuka urais 21 Januari 1949, Li Zongren akawa kaimu rais, basi. Lakini Chen Cheng alitangazwa gavana wa Taiwan 29 Desemba 1948, siku 23 kabla. Jenerali Tang Enbo alikwisha kukabidhiwa ulinzi wa Nanjing na Shanghai, na dhahabu ya benki kuu ilikuwa imeanza kuvushwa kwenda Taiwan. Chiang akarudi kwao Xikou akiwa bado mkuu wa Kuomintang. Kwa Li nimeandika: "jeshi la mkoa wa Guangxi chini ya jenerali Bai Chongxi; hazina, hapana."

Marekebisho. Mtu mmoja alihesabiwa mara mbili kwa sababu ya tahajia: Sun Fo ndiye Sun Ke, Chiang ndiye Jiang Jieshi. Dawa yake ni namba moja kwa kila mtu, majina yote mbele yake. Mji wa Beijing uandikwe Beiping, jina lake la wakati huo. Jina la Beijing lilirudi Septemba 1949. Safu ya mji nayo inahitajika: Februari Sun Fo, waziri mkuu, alihamishia serikali Guangzhou huku Li akibaki Nanjing, na Machi He Yingqin akachukua uwaziri mkuu.

Mazungumzo ya Aprili hayafai kuwa mstari mmoja. Ujumbe wa serikali ya Nanjing, chini ya Zhang Zhizhong, ulifika Beiping tarehe 1. Yakafuata maongezi ya faragha, kikao rasmi tarehe 13, kisha tarehe 15 upande wa Wakomunisti, chini ya Zhou Enlai, ukatoa rasimu ya mwisho, vipengele 8 vyenye vifungu 24, jibu kabla ya tarehe 20 kwisha. Nanjing ilikataa. Wakomunisti wakavuka mto Yangtze, Nanjing ikaanguka tarehe 23, na wajumbe wale hawakurudi.

Kiungo kilichokosekana: orodha ya "wahalifu wa kivita" 43 iliyotolewa na Wakomunisti 25 Desemba 1948. Sharti la kwanza kati ya manane ya amani ya kiongozi wao Mao (14 Januari 1949) lilitaka waadhibiwe, na Li na He wote wamo. Yaani waliotakiwa kuidhinisha mkataba walikuwa washtakiwa wake.

Kinachofuata: Juni, Yan Xishan, waziri mkuu aliyemfuata He.