Matangazo ya simu yanatubadilisha kweli, ama yanatukuta tu pale pabaya?

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Kenya hadithi ya Cambridge Analytica, ile kampuni ya kampeni za siasa iliyotumia data za watu wa Facebook, inafufuka, ati hao jamaa wa London ndio walitupangia rais 2017. Mimi hiyo siiamini. Lakini pia wale wanaosema matangazo ya mtandaoni ni kelele tu siko nao.

Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza ilirusha video iliyorekodiwa kwa siri, bosi mmoja wa hiyo kampuni, Mark Turnbull, anajigamba kwamba chama kizima cha Uhuru Kenyatta walikibadilisha sura mara mbili, wakakiandikia manifesto, wakahoji watu 50,000, tena mara mbili. Watu wakashtuka sana. Ila huyo alikuwa anaongea na mtu aliyedhani ni mteja mwenye pesa, unategemea aseme nini? 2020 kamishna wa data wa Uingereza, baada ya kupekua mafaili yao, akasema mbinu zao nyingi zilikuwa za kawaida tu, wengine pia wanazitumia. Na tuambiane ukweli, kura zetu ziligawanyika kimaeneo kabla hata hiyo Facebook haijaanzishwa, sasa mtu wa Kisumu ama wa Nyeri utamgeuza na tangazo gani?

Hata kwa biashara ni hivyo hivyo. eBay, lile soko la mtandaoni, waliwahi kusimamisha matangazo waliyokuwa wanalipia Google kwa wanaotafuta jina lao, na karibu wateja wote wakaendelea kuingia tu. Hao watu walikuwa wanaenda huko tayari.

Kilichonisumbua mimi 2017 ni ile tovuti ya kumchafua Raila Odinga, mgombea wa upinzani, iliyoitwa The Real Raila, ambayo Privacy International, shirika la kutetea faragha, walifuatilia wakakuta imetengenezwa na kampuni ya Harris Media ya Texas. Ukitafuta habari za uchaguzi kwa Google unaletewa tangazo lake, na kulikuwa na video ya kuonyesha Kenya ya 2020 ikiwa Raila atashinda, njaa, magonjwa, vurugu. Ile haikutengenezwa kumgeuza mfuasi wa Raila hata kidogo, ilikuwa inamtafuta yule ambaye tayari ana hofu imzidishie, na hii ni nchi iliyozika watu zaidi ya 1,000 baada ya uchaguzi wa 2007. Hapo ndipo naona nguvu ya hii kitu iko. Hawahitaji kukubadilisha mawazo, wanahitaji tu kujua unaumia wapi.

Mpwa wangu alikuwa anabeti sana, akaacha, akafuta apu na kila kitu, tukashukuru Mungu. Haikupita muda zikaanza kuingia SMS, "tumekumiss, tumekuwekea beti ya bure", na zinakuja Ijumaa jioni, mechi za wikendi ziko karibu na kijana ametoka kulipwa mjengoni. Alinipa simu nikazisoma moja moja. Siku za katikati ya wiki kimya kabisa, hakuna kitu. Kampuni inayo historia yake yote, alikuwa anaweka pesa siku gani, timu gani, lini aliacha, na hiyo historia ndiyo inamtafuta leo. Akirudi watasema hakuna aliyemlazimisha, na ni kweli hakuna, lakini mtu anayepambana kuacha kitu halafu unamletea mlangoni bure, hiyo si biashara bwana, ni uonevu.

Na sheria tunayo. Ile ya Kulinda Data ya 2019 inasema mtu hawezi kutumia taarifa zako kibiashara bila wewe kukubali waziwazi, labda sheria nyingine imruhusu. Juni 2021 watu wengi walichungulia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo, makelele yakapigwa, na hiyo ilinionyesha kwamba watu wakilalamika wengi angalau wanasikika.

Kwa hivyo tumekaa chini na mpwa wangu tukaandika barua pepe, tunataka wafute namba yake pamoja na historia yote ya beti zake, na waseme walipata ruhusa gani ya kumtumia hizo SMS. Wakinyamaza tunaenda kwa Kamishna wa Data wa hapa Kenya, na skrinshoti za hizo Ijumaa zote tumeziweka.