Mshona kofia nimeuziwa kofia Muscat

Mie nashona kofia. Sio biashara kubwa, ni ile ya barazani jioni, kiua kimoja kimoja (kile kitundu kidogo kinachozungushiwa uzi), na kofia ya maana inanichukua miezi mitatu minne maana macho ndo haya na watoto hawatulii. Naanza na hilo mjue aibu yangu ilivyo.

Mwezi wa sita nilienda Muscat kwa shangazi, yuko kule tangu miaka ya 70, wakati watu wengi wa Unguja wenye asili ya Oman waliporudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Joto la mwezi wa sita msiniulize, siku nne za mwanzo niko ndani na eisii tu kama samaki wa kwenye friji. Na taksi zao! Ukibadilisha rial kichwani kuwa shilingi hutoki mlangoni.

Siku ya tano akanipeleka Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ule uliofunguliwa 2001. Wenzangu wote wameinua shingo wanaangalia taa, mie macho chini kwenye zulia. Limefumwa kwa mkono na wanawake 600 wa Iran, miaka minne, mafundo bilioni 1.7, uzito tani 21. Mshona kofia ukisikia mafundo bilioni vidole vyenyewe vinauma. Nikachuchumaa pembeni nikitafuta ncha ya kufunua nione upande wa nyuma, maana kazi ya mkono hujulikana nyuma, mbele kila mtu anadanganya. Shangazi akanivuta baibui, "Inuka mwanangu, usinitie aibu."

Kesho yake soko la Mutrah. Kaka yangu kaniagiza kofia ya Oman, kumma wanaziita wao (dada yako anashona kofia, wewe unataka ya Oman, haya). Vijana wa madukani wananiita sista sista, napita zangu. Mara mzee mmoja, "Karibu mama, umetoka mtaa gani?" Kiswahili cha mjini kabisa! Akaniuliza urojo wa Forodhani bado upo, akanimiminia kahawa, akanihadithia alivyokuwa anaogelea utotoni, mie nimeshakaa kwenye kiti nachekacheka. Ndo akatoa kofia, kahawia na kijani, kitu kizuri, "Hii ya mkono, kashona mke wa ndugu yangu." Rial 25. Nikamshusha mpaka 18 nikajiona mjanja, na hiyo ni zaidi ya laki ya kwetu. Sikuigeuza. Wallahi sikuigeuza.

Usiku shangazi kaitoa kwenye mfuko, miwani hajavaa, akaigeuza tu kisha akanirudishia bila neno. Kwa ndani uzi wa chini umenyooka kama reli, viua vyote saizi moja, na kutoka kimoja kwenda cha pili uzi umeruka haujakatwa. Mkono wa mtu unachoka bwana, kiua cha asubuhi na kiua cha baada ya kula havifanani hata siku moja.

"Cherehani hii," akasema, "rial mbili ungepata."

Mumewe alicheka mpaka akakohoa. "Ukisikia mtu anakuuliza urojo, shika mkoba!"

Tulienda na Nizwa, Ijumaa, kuna soko la mbuzi na ngome, mengi siyakumbuki, kichwani ni rial 18 tu.

Kilichonituliza ni majirani wa shangazi, kina mama wanaokaa alasiri wanashona kumma zao. Niliwatolea kofia niliyomletea mume wa shangazi, kazi yangu mwenyewe. Bibi mmoja akaipokea, na kabla hata hajaitazama mbele akaigeuza. Akapitisha kidole polepole kwenye viua, akasimama kwenye kimoja kilichokaa upande, akanicheka, "Hapa ulikuwa na usingizi." Kweli, nilikuwa na mtoto homa siku ile.

Nimerudi, kaka nimempa yake. Kila Ijumaa anaivaa. Juzi kanivulia pale mlangoni ananionesha, "Angalia wenzio wanavyoshona, viua vyote vimelingana, sio kama vyako."

Nimemwambia ahsante.