Karafuu kwenye Jua la Desemba

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshatoka Southampton. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeshika usukani. Mimi nimekaa pembeni yake na mfuko mapajani: robo kilo ya karafuu za Pemba, alizonifungia mama nilipokwenda nyumbani mwezi wa nane. Nilikuwa nimeambiwa nije na kitu cha kwetu chenye harufu.

Tulikuwa tunakwenda kulipokea jua. Tarehe 21 Desemba ndiyo siku fupi kuliko zote Uingereza, na mwenzangu na mama yake ni watu wa imani ya Wicca. Kwao hiyo ni sikukuu, inaitwa Yule, moja katika nane zinazogawa mwaka wao kama spoki za gurudumu. Miaka mitatu tumefanya naye zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na miaka yote mitatu amenialika. Mara hii likizo zetu zikaangukia pamoja.

Mimi ni mtu wa Makunduchi, Kusini Unguja. Saa yetu Waswahili imefungwa na jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, likianza kupanda ni saa moja, na usiku na mchana ni ndugu wa kimo kimoja mwaka mzima. Nilipohamia huku, kitu cha kwanza kuniharibikia kilikuwa saa hiyo. Saa moja asubuhi ni giza totoro. Saa mbili bado. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa nne, hujakausha mikono ya udhu wa kwanza unautafuta wa pili. Wazee tunaowatunza huuliza saa kila mara, wakiona dirisha jeusi wanataka kurudi kitandani. Majira ya baridi ya kwanza nililia, na sikujua nalilia nini.

Basi tukafika Stonehenge, duara la mawe makubwa ya kale, gizani, tukafuata umati wa watu wenye tochi. Siku hiyo English Heritage, taasisi inayoyatunza mawe hayo, hufungua uwanja bila kiingilio na watu huruhusiwa kuingia hadi katikati ya mawe. Nilikuwa nimeyaona kwenye picha tu. Ukisimama chini yake unapata habari nyingine: lile kubwa la mchanga mgumu lina uzito wa tani 25 na zaidi, na watu waliolisimamisha, miaka kama 4,500 iliyopita, hawakuwa na chuma. Waliyapanga mawe kwa mstari mmoja unaolenga jua linapochomoza katika siku ndefu ya Juni, na upande wa pili linapozama katika siku fupi ya Desemba. Karibu na hapo, Durrington Walls, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa mingi ya nguruwe waliochinjwa wakiwa na miezi kama tisa. Mnyama wa kuzaliwa majira ya machipuko anafika miezi tisa katikati ya baridi. Kwa hiyo walikuwa wakija kula karamu wakati huu huu, na pengine wakitetemeka kama mimi.

Saa mbili na dakika kumi ngoma zikanyamaza. Mawingu yalikuwa mazito, ila chini kabisa palipasuka mstari mwembamba mwekundu, kama ukingo wa ukuni uliofunikwa na jivu. Hapo watu wakapaza sauti. Bibi mmoja nisiyemjua akanikumbatia, akaenda zake.

Kutoka pale tulishika barabara kwenda Glastonbury, Somerset, kwa mama yake. Njiani nikamwuliza swali lililokuwa likinikaa kooni kwa muda: kwa nini wanajiita witch, neno ambalo Kiswahili chake ni mchawi? Nikamweleza kwamba kwetu neno hilo linaua. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini ya kupika. Alizima redio. Akanyamaza kwa maili kadhaa, halafu akasema hata kwao walinyongwa wanawake wa namna hiyo hiyo, na kwamba wao wamelichukua neno ili lisibaki mikononi mwa wanyongaji.

Hakunificha kwamba dini yake ni changa, wala haikurithiwa kutoka kwa waliojenga yale mawe. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa Uingereza mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye Gerald Gardner, aliyewahi kuwa ofisa wa forodha huko Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, akaitangaza Wicca kwa maandishi, na Doreen Valiente akatunga maneno mengi yanayosomwa kwenye ibada zao mpaka leo. Katika sensa ya 2021, watu kama 13,000 wa Uingereza na Wales waliandika kwamba hiyo ndiyo imani yao. Nilimheshimu kwa kuniambia ukweli huo. Ndiyo sababu nami naandika Wicca, lile neno letu naliacha lilipo.

Mama yake alitupokea jikoni, mikono imejaa unga. Nilimwita mama, sikujua namna nyingine, na akaitika. Mezani palikuwa na machungwa, koni za misonobari, nta ya nyuki, vijiti vya mdalasini, matawi ya holi yenye majani ya miiba na vitunda vyekundu. Kila pambo la Yule hutengenezwa kwa mkono katika nyumba ile. Alisema huwezi kumngojea mgeni kwa vitu vya dukani, na mgeni mwenyewe ni jua.

Kwenye beseni la kuogea zililowekwa fimbo za mierebi, usiku kucha. Nyanda za majimaji za Somerset hulima mierebi kwa ajili ya vikapu, na sisi tulikuwa tunasuka mashada ya duara ya kutundika mlangoni. Nilipoishika ya kwanza vidole vilikumbuka vyenyewe. Nimekulia kwenye ukili. Najua miyaa mikavu hukatika, lazima uilainishe kwa maji, na najua kwamba ukikaza sana mwanzoni mkeka utapinda mwishoni. Mwerebi una tabia hiyo hiyo. Nilimaliza shada langu mapema, mama akaligeuzageuza, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia bibi yangu, barazani, kwa kupigwa vidole kila nilipokosea.

Kisha karafuu. Wanachukua chungwa zima, wanalitoboa kwa sindano nene, kila tundu linachomekwa karafuu moja mpaka ganda litoweke au litoke umbo la miale. Bila sindano kidole gumba kinaumia, na maji ya ganda yanachoma kama pilipili. Yeye alikuwa na kichupa chake cha dukani, karafuu nyeusi, nyingi zimepoteza vichwa. Nilipofungua mfuko wangu harufu iliruka mpaka ukumbini. Alichukua moja, akaitazama kichwa chake cha duara kilivyokaa mahali pake, akataka kujua zinakaushwaje. Nikamwambia zinaanikwa juu ya majamvi, siku tatu, nne, tano, kwa jua tu, na mvua ikitishia nyumba nzima inakimbia kuzianua. Alikaa kimya akiipindua ile karafuu kwenye kiganja.

"Kwa hiyo hili ni jua," akasema. Akatenga gao moja pembeni, hakuniambia la nini.

Saa kumi kasorobo simu ikalia. Mama yangu, kutoka Makunduchi, ametoka kusali magharibi. Akaniuliza kama nami nimesali, nikamwambia bado robo saa na ushei. Wote wawili tukashtuka. Mwezi wa sita, magharibi yao inatangulia yetu kwa saa tano nzima. Siku hii ilitangulia kwa nusu saa tu. Jua lile lile lilitoka kwao likaja kwetu kabla chai haijapoa. Nilisali chumbani juu, nikateremka.

Ibada yao niliitazama nikiwa nimekaa kwenye ngazi, kama tulivyoafikiana: mimi Mwislamu, nipo kama mgeni. Walikuwa tisa. Walizima kila kitu, hata kitaa cha friji kikafunikwa kwa kitambaa. Wakasimama duara, wakaziita pande nne za dunia, mashariki kwa upepo, kusini kwa moto, magharibi kwa maji, kaskazini kwa ardhi. Halafu wakakaa gizani bila neno, muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Katikati palikuwa na gogo la mwaloni lililotobolewa matundu matatu ya mishumaa. Mama alichukua kipande cha gogo la mwaka jana, kimeungua nusu, akakiwasha, na kwa moto huo akawasha mshumaa wa kwanza. Ule wa tatu ulipowaka akatupa mekoni lile gao la karafuu zangu. Zilipasuka moja moja, na chumba kikanuka Pemba.

Nilikumbuka Mwaka Kogwa, sikukuu yetu Makunduchi ya kuupokea mwaka mpya, Julai, kibanda cha makuti kinavyowaka kiwanjani na wanawake wakiimba, na bibi akihangaika nyumba isipite siku ya mwaka bila mgeni. Wao wakanywa kinywaji cha asali kilichochacha, mimi nikapewa juisi ya matufaha iliyochemshwa na mdalasini.

Sasa ni katikati ya Januari. Chungwa langu linaning'inia mlangoni, limesinyaa na kuwa gumu, karafuu zimeshikwa barabara. Jana mama yangu alipiga simu baada ya magharibi yake. Niliitazama saa: sisi tulikuwa na dakika arubaini bado.